Drekli ya Jabez Nankervis

Ukitaka kumjua Jabez Nankervis, anza na mama yake. Mama yule, Mungu amrehemu, alikuwa akisimulia kwamba mwanawe alitarajiwa kuzaliwa Pasaka. Mkunga akaja, maji yakachemshwa, shuka zikatandikwa, na mtoto akabaki huko huko alikokuwa. Mkunga akachoka kunywa chai ya watu, akarudi kwake. Jabez akaja zake Pasaka imeshasahaulika, mnene, mtulivu, bila hata kuomba radhi.

Akakulia hapa hapa Nanskerra, huku mwisho wa Cornwall, Uingereza, ambako nchi inakaribia kuisha, akarithi kazi ya baba yake ya kujenga kuta za mashambani: mawe pande mbili, udongo katikati, majani yakaota juu. Ni kazi isiyotaka pupa. Unapanga safu, unashindilia udongo, unauacha ukuta ukae kitako, kisha ndipo unapandisha safu nyingine. Ukuta uliojengwa mbiombio unavimba tumbo kwa mvua ya kwanza, na ya pili unatapika mawe barabarani. Kuta za Jabez hazikuvimba. Tatizo ni kwamba nyingi zilikuwa bado hazijajengwa.

Ukimwita, alikuja kukuangalizia mawe yako kwa huruma, akavua kofia, akajikuna utosi, akasema, "Nitakuja drekli."

Neno hilo ndilo tunaloishi nalo huku. Kwa Kiingereza cha shuleni linatamkwa "directly", na maana yake ya asili ni moja kwa moja, papo hapo, kabla hujafunga mdomo. Lilizaliwa kuwa neno la watu wenye haraka zao. Lilipofika kwetu likavua viatu. Drekli ya Nanskerra ni kusema nitakuja, naapa nitakuja, na tafadhali usiniulize lini. Inaweza kuwa jioni ya leo, inaweza kuwa mwaka ambao mjukuu wako anaoa. Wewe msomaji wangu usicheke sana, maana nimewahi kuambiwa "niko njiani, nafika sasa hivi" kwa Kiswahili fasaha na mtu ambaye nilikuwa namsikia anaoga.

Basi hakuna aliyemkasirikia Jabez. Tungeanzia wapi? Mwashi alisema drekli, fundi bomba alisema drekli, na daktari naye alisema drekli, mgonjwa akajikuta amepona mwenyewe. Na kwa kuwa ndivyo tulivyo, tukawa na mazoea yetu: fundi akitokea siku ile ile aliyoitwa, unamkalisha, unamtilia chai, unamuuliza kwa upole nani amekufa. Msiba ndicho kitu pekee kinachoweza kumtoa mtu wa kwetu nyumbani kwa wakati.

Mtu mmoja tu kijijini hakuwa na drekli, naye ni Loveday Curnow, mwoka mikate. Mkate hauna drekli. Ukiuambia subiri, unakuungulia. Loveday alikuwa mwanamke wa hamsini na ushei, mwembamba, mwenye mikono ya nguvu na ulimi uliokwenda nayo sambamba. Siku za wiki aliuza mikate ya zafarani na pasti zilizojaa nyama na viazi, Jumapili alipiga kinanda kanisani. Tangu mama yake Jabez afariki, kila Jumamosi mchana Jabez alikula kwa Loveday. Alileta kuni, akala, akaosha vyombo, akakaa karibu na tanuri mpaka giza, akaenda kwake. Miaka ikapita hivyo. Kijiji kizima kilijua kwamba wale wawili wataoana drekli, na Jabez mwenyewe alijua, na kwa kuwa alijua hakuona sababu ya kulisema.

Septemba moja dada yake Loveday, anayeishi Bristol, akapiga simu. Kuna duka la mikate mtaani kwake linapangishwa, lina tanuri jipya na chumba juu. Mwenye duka anataka jibu mwisho wa mwezi. Loveday alimwambia Jabez habari hiyo Jumamosi, akimpakulia, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Jabez akaweka kijiko chini. Bristol si mwisho wa dunia, lakini ni ng'ambo ya mto Tamar, ulio mpaka wetu, na mtu wa kwetu akishavuka ule mto anarudi kwa mazishi tu, tena ya watu wengine. Usiku ule hakulala. Jumatatu asubuhi, kabla wateja hawajaja, aliingia dukani na kofia mkononi.

"Loveday," alisema, "nimekuja kukuuliza kama utakubali nikuoe."

Loveday alikuwa na donge kubwa la unga mezani. Hakuacha kukanda. Alilikunja, akalisukuma, akaligeuza, akalipiga kofi.

"Drekli," alisema.

Jabez alibaki amesimama, kofia mkononi. Lile neno alilitoa yeye maisha yake yote, kwa wajane, kwa wakulima, kwa mchungaji, na hakuwahi kupewa. Halikuwa na pa kushika. Ukilikasirikia unaonekana mjinga, maana hujakataliwa. Ukilifurahia unaonekana mjinga zaidi. Akatambua kwamba ndivyo walivyosimama watu wote wale milangoni mwao, wakimtazama anaondoka na toroli lake, na aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni.

"Hilo siyo jibu," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa nini? Kwako limekuwa jibu miaka yote." Sasa Loveday alimtazama. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu aliyependa maneno kama wengine wanavyopenda njiwa, na binti alirithi. "Unajua hilo neno lilikuwa nini, Jabez? Enzi za babu zetu, mgodi wa bati ukiwa wazi, msimamizi akisema drekli, mtu anaacha pasti mdomoni anashuka ngazi. Ndiyo maana yake. Sasa. Na kabla ya hilo palikuwa na 'presently', nalo lilikuwa sasa. Na kabla yake 'soon'. Miaka elfu iliyopita mtu akikwambia 'soon', alimaanisha toa mkono motoni. Leo anamaanisha mkono utaungua, tutazungumza."

"Sikujua."

"Hakuna anayejua. Kila kizazi kinapewa neno jipya la kusema sasa, kinalivaa mpaka magoti yanatoboka, kisha kinatafuta jingine. Na usidhani neno linachakaa lenyewe. Linachakaa kwa sababu mtu fulani alilisema na hakuja." Alifuta unga puani kwa kiwiko. "Mtu mwenye toroli, kwa mfano. Haya, nipishe, tanuri limeshika moto."

Jabez alitoka. Alikaa juu ya ukuta wa kanisa, ule ambao nusu yake ilianguka wakati wa mchungaji aliyepita, na yeye ndiye aliyeahidi kuusimamisha. Akawaza. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hayo machache aliyokuwa nayo sasa alijua hayafai kitu. Angerudi kumwambia Loveday nini? Nakupenda? Angeambiwa hilo nalo limetoboka magoti. Mwisho akaona njia moja tu. Atakwenda kwa kila mtu ambaye yeye aliwahi kumwambia drekli, atafanya ile kazi mpaka iishe, na hataonekana dukani kwa Loveday mpaka asidaiwe ahadi na mtu. Baada ya hapo ataenda kuuliza tena, akiwa na mdomo safi.

Asubuhi iliyofuata saa moja alikuwa mlangoni kwa Shangazi Keziah Hosking, na nyundo, na mtaimbo, na toroli. Sisi huku kila mzee ni shangazi au mjomba, awe ndugu asiwe ndugu. Shangazi Keziah alifungua akiwa na nguo ya kulalia, akamwona Jabez, akashika fremu ya mlango.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Shangazi. Nimekuja kujenga ile kona ya bustani."

"Kona ipi?"

"Iliyoanguka."

Shangazi Keziah alifikiri kidogo. Kona ile ilianguka zamani kiasi kwamba alishapanda waridi juu ya kifusi, na waridi lilishazeeka. Alimtazama Jabez usoni. Aliona macho mekundu ya mtu asiyelala, na mashavu yaliyoingia ndani.

"Hakuna aliyekufa," alirudia polepole. "Basi ni wewe, mwanangu."

Jabez hakusikia vizuri, alikuwa ameshainama kwenye mawe. Saa nne Shangazi alimletea mkate wa zafarani, nusu nzima, na siagi imewekwa kwa mkono usio na choyo, akasimama kumwangalia anavyokula huku akijifuta macho kwa kitambaa cha jikoni. Jabez alidhani ni moshi. Alipomaliza kona akatengeneza pia hatua ya ngazi iliyokuwa inacheza, ambayo hakuahidi hata siku moja. Hapo Shangazi Keziah hakuwa na shaka tena. Kabla ya jua kuzama habari ilishafika mashamba ya juu: Jabez Nankervis anafunga hesabu na dunia. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na huku kwetu likija linapewa kiti.

Siku zilizofuata Jabez alishangazwa na wema wa watu. Alikwenda kwa fulani kusimamisha nguzo ya geti, akapewa kuku. Alikwenda kwa mwingine, mwenye nyumba akamnyang'anya nyundo, "Kaa chini, mtanashati wangu, jiwe hilo zito kwako." Wanaume wa kwetu wanaitana mtanashati hata wakiwa na sura ya kiatu, hilo halikumshtua. Kilichomshtua ni ile sauti, laini, kama ya kumbembeleza ng'ombe anayezaa. Akawaza, akapata jibu. Asubuhi ile aliyokwenda kumwomba Loveday, dirisha la duka lilikuwa wazi. Kijiji kimesikia kwamba Loveday hakumkubali, na sasa kinamwonea huruma. Aliona haya, lakini pia moyo ulimjaa. Hakujua kama anapendwa namna ile.

Zizi la nguruwe la Mjomba Hedley Prisk alilifikia wiki ya pili. Mjomba Hedley ndiye kiongozi wa kwaya ya wanaume, ambamo Jabez anaimba sauti ya chini kabisa, ile inayosikika kwa miguu kabla ya masikio. Mzee alikuja kusimama kando yake muda mrefu, akitafuna kiko kisicho na tumbaku.

"Inauma?" aliuliza mwishowe.

Jabez aliweka jiwe chini. Alifurahi kupata mtu wa kumwambia. "Usiku zaidi, Mjomba. Mchana nabeba mawe, nasahau."

"Na muda? Umepewa muda gani?"

"Mpaka mwisho wa mwezi."

Mjomba Hedley alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. "Loveday anajua?"

"Yeye ndiye wa kwanza kujua."

"Amelipokeaje?"

"Aliendelea kukanda unga."

"Mwanamke jasiri," alisema Mjomba Hedley. "Sikiliza, mtanashati wangu. Mimi nina eneo langu pale kanisani, upande wa jua, karibu na ule ukuta wako. Nililichagua mwenyewe. Ukilitaka, chukua."

Jabez alidhani anapewa mahali pa kupanda mboga ili ajiliwaze. "Nashukuru sana," alisema, "lakini sitakuwa na muda wa kulishughulikia."

Mzee aligeuka haraka, akaenda kuzungumza na nguruwe. Alipofika kwenye kona ya zizi akasema bila kugeuka kwamba Alhamisi hii hakuna mazoezi ya kwaya, Jabez apumzike nyumbani.

Jabez hakupumzika. Palikuwa pamebaki ukuta mmoja tu, ule wa kanisa, na mwezi ulikuwa umebakiza siku chache. Alhamisi jioni alikuwa anaweka mawe ya mwisho ya juu, yale yanayosimamishwa kwa ubavu, mwili wote umejaa udongo, aliposikia kinanda ndani. Kisha wanaume wakaanza kuimba. Aliutambua wimbo. Ni ule tunaoimba kaburini, jeneza likiwa juu ya kamba. Ulisimama katikati.

"Huku chini kuna shimo," alisikia Mjomba Hedley akisema. "Nani atachukua sauti yake? Nyie wote mnasikika kama mbu."

Jabez akafadhaika. Kumbe kuna mtu wa kwaya amefariki, mtu wa sauti ya chini kama yeye, na hawakumwambia kwa kumhurumia. Hakuona vizuri kukaa nje na wenzake wana shida. Alijipangusa mikono kwenye suruali, akaingia kwa mlango wa nyuma kimya kimya, akasimama mahali pake pa siku zote. Wimbo ulipoanza tena, akafungua kifua na kuuziba ule upungufu.

Watu waliimba mstari mzima kabla ya kugeuka. Kisha mmoja akanyamaza, na mwingine, mpaka akabaki Jabez peke yake na kinanda, na kinanda nacho kikakatika.

"Samahani kwa matope," alisema. "Nani amekufa?"

Wanaume wazima, wavunja mawe na wakamua ng'ombe, walitazama viatu vyao. Mjomba Hedley alikohoa.

"Wewe," alisema. "Yaani bado. Ila drekli."

Ilichukua muda kuelezana. Shangazi Keziah alitajwa, macho mekundu yakatajwa, mwisho wa mwezi ukatajwa. Jabez alisikiliza akiwa ameshika kofia yake mbele kwa mikono miwili. Angeweza kucheka, na baadhi walishaanza kucheka, lakini alimwona Loveday kwenye kinanda. Alikuwa amekaa wima, hatazami mtu, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mimi siumwi," alisema Jabez, na alisema akimtazama yeye. "Nilimwomba Loveday anioe, yaani nimwoe. Akaniambia drekli. Ndipo nikajua ninyi nyote mmekuwa mkiniona mtu gani. Nikaona nimalize kwanza niliyowaahidi, halafu nikamuulize tena kabla hajaenda Bristol. Ndiyo ugonjwa wenyewe. Ukuta wa nje umebakiza jiwe moja."

Kicheko kilikufa. Loveday alifunga kinanda, akasimama, na wale waliokuwa karibu naye wakarudi nyuma kidogo.

"Hunuki hata homa," alisema.

"Hapana."

"Nimelia juu ya unga wiki nzima. Watu wamekula mikate yenye machozi yangu, na hakuna hata mmoja aliyeona chumvi imezidi. Keziah alikuja akaniambia madaktari wamekukatia tamaa, nikasema ndiyo maana. Ndiyo maana amekuja kuniomba baada ya miaka yote, maskini, alijua anakufa, na mimi nikamjibu kwa kejeli." Alikipiga kofi kifuniko cha kinanda. "Leo mchana nimempigia dada yangu."

Jabez aliikunja kofia yake. "Umemwambia nini?"

"Kwamba siendi."

"Kwa sababu nakufa."

"Kwa sababu nilidhani umebakiza siku chache." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya kwaya nzima, na hakuyafuta. "Nikakaa nikapima. Siku chache na wewe upande mmoja, na maisha yote yaliyobaki Bristol upande wa pili. Sikupima muda mrefu, Jabez. Hata chai haikupoa. Sasa sijui nifanye nini na mtu ambaye hafi."

Jabez alitaka kujibu, na kila neno alilolishika aliliona limeshavaliwa na watu. Aliliacha. Alivuka kwenda kwenye kinanda, udongo ukidondoka kutoka kwake kwenye zulia la kanisa, akaushika mkono wa Loveday kwa mkono wake mchafu. Loveday hakuuondoa. Mjomba Hedley alisema anafikiri kwaya ihamie nje ikaangalie ukuta, na kwaya ikahamia nje, japo milango iliachwa wazi makusudi.

Hawakusema mengi huko ndani. Waliokuwa karibu na mlango wanasema Jabez alitaja ofisi ya msajili wa ndoa kule Penzance, na Loveday akasema kesho ni Ijumaa, siku ya pasti, hawezi kutoka kabla ya mchana. Jabez akasema sawa, akaenda kuweka lile jiwe lililobaki.

Alfajiri Loveday alipokwenda kuwasha tanuri, nyota zikiwa bado juu, alimkuta Jabez ameketi kwenye kizingiti cha duka. Alikuwa ameoga, amenyoa, amejikata kidogo shingoni kwa wembe, na amevaa suti nyeusi. Suti ile ndiyo pekee aliyokuwa nayo, na kila mtu Nanskerra aliijua, maana aliivaa mazikoni tu.

"Umewahi," alisema Loveday.

"Nimechelewa sana," alisema Jabez, akasogea ampishe afungue mlango.